Pango linalopumua: kisa cha kipimo kilichoshushwa chini ya ardhi Unguja

Majina ya watu, chuo na kijiji yameondolewa. Pango nalo sikulitaja, kwa sababu wenyewe waliomba hivyo. Mimi nilikuwa mtunza daftari la vipimo, kwa hiyo baadhi ya makosa utakayoyasoma hapa ni yangu.

Usuli

Chuo kimoja cha Unguja kilipata kigunduzi cha miale ya gama kilichokwishatumika kwingine: kristali ya iodidi ya sodiamu yenye upana wa sentimita 5 na urefu kama huo, imefungwa ndani ya kopo la alumini pamoja na mrija wa kukuza mwanga. Mwale wa gama ukiingia, kristali humeta. Mrija huugeuza mmeto ule kuwa mshituko wa umeme, na ukubwa wa mshituko ndio unaokwambia nishati ya mwale. Ukipanga hesabu za saa nyingi kwa nishati zake unapata spektra, yaani mteremko mrefu wenye vilele, na kila kilele kina mwenyewe.

Kazi tuliyojipa ilikuwa ya shamba hasa. Wakulima wa upande wa mashariki, kwenye ardhi ya maweni ambako udongo umejificha katika mashimo ya jiwe, walitaka kujua udongo wao una potasiamu kiasi gani. Potasiamu ina sifa moja inayomfaa mtu asiye na maabara ya kemia: popote ilipo, kwenye ndizi, mwilini mwako au kwenye udongo, asilimia 0.0117 yake ni potasiamu-40, ambayo ina mnururisho. Gramu moja ya potasiamu ya kawaida hutoa mipasuko kiasi cha 31 kwa sekunde, na takriban mmoja katika kila kumi huja na mwale wa gama wa keV 1,461 (keV ni kizio cha nishati). Hesabu miale hiyo, umepata potasiamu yako.

Tatizo likawa chumba. Maabara yetu ilijengwa kwa matofali ya saruji, mchanga na kokoto, na kuta zenyewe zina potasiamu. Kilele cha 1,461 kilisimama wima hata pasipo sampuli yoyote mezani. Tukiweka kilo moja ya udongo wa maweni, kilele kilipanda kidogo mno, ukawa huna hakika kama kimepanda kweli au ni bahati ya hesabu tu. Ilikuwa sawa na kumsikiliza mtu anayenong'ona ukumbini huku taarab imekolea. Tangu siku hiyo miale yote isiyo ya sampuli tukaiita kelele.

Kwa nini tuliamua kushuka

Maalim wetu mkuu alikuwa na hoja iliyovutia, na naikumbuka alivyoitoa huku amekaa juu ya meza. Wenzetu wakitaka kimya, alisema, hushuka chini. Gran Sasso kule Italia ni kumbi zilizochongwa kando ya handaki la barabara kuu, juu yake kuna mita 1,400 za mlima, na myuoni, yaani chembe zinazotoka angani na kupenya mawe, hupungua humo kiasi cha mara milioni moja. SNOLAB ya Kanada imo ndani ya mgodi wa nikeli karibu na Sudbury, kilomita 2 chini. Afrika nayo ina lake la kueleza: mwaka 1965, katika mgodi wa dhahabu wa East Rand karibu na Boksburg, Afrika Kusini, zaidi ya kilomita 3 chini, kundi la wanafizikia Frederick Reines na Friedel Sellschop lilinasa nyutrino, chembe zinazopenya karibu kila kitu, zinazozaliwa angani, mwaka uleule ambao wenzao wa migodi ya Kolar kule India walizinasa.

"Migodi hatuna," akamaliza, "lakini mapango tunayo."

Hilo ni kweli. Unguja ni kisiwa cha jiwe la matumbawe, na jiwe hilo limetobolewa na maji ya mvua kwa maelfu ya miaka. Mapango yako kila pahala, kuanzia Mangapwani hadi Kuumbi kule Jambiani, ambako wanaakiolojia wamechimba. Kulikuwa na mzaha wa kukizamisha kigunduzi katika mkondo wa Pemba, ambako bahari ni ya kina kirefu. Mzaha huo si wa kipuuzi sana. Darubini ya nyutrino iitwayo ANTARES ilikaa kwenye kina cha karibu mita 2,500 karibu na Toulon, Ufaransa, na moja ya kelele zilizoisumbua ilikuwa potasiamu-40 iliyomo ndani ya maji ya bahari.

Hoja ya Maalim ilikuwa na miguu miwili. Wa kwanza: chini ya jiwe, chembe za angani zitapungua. Wa pili, ambao uliongezwa na mwanafunzi aliyekuwa kimya mpaka hapo (nitamwita Zuwena, si jina lake): jiwe la chokaa lina potasiamu kidogo kuliko matofali ya saruji. Sote tuliushabikia mguu wa kwanza. Wa pili niliuandika daftarini kwa mstari mmoja.

Kuna hesabu ya dakika tano ambayo hatukuifanya siku ile. Usawa wa bahari hupitiwa na myuoni kiasi cha moja kwa kila sentimita ya mraba kwa dakika, kwa hiyo kristali yetu ilipata chini ya moja kwa sekunde. Na myuoni inayoikata kristali ya sentimita 5 huacha nishati ya takriban keV 24,000, kiasi cha mara 16 ya kilele tulichokuwa tukikitafuta. Hesabu zake huangukia mbali kabisa na 1,461. Tulikuwa tunamkimbia mtu ambaye hakuwa amekaa kwenye kiti chetu.

Ruhusa

Sheha alitupeleka kwa mzee anayelitunza pango, kwa kuwa ni pahala pa kuwekea nadhiri na huwezi kuingia kama unaingia stoo. Zuwena ndiye aliyezungumza.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mnatafuta nini humo?"

"Kimya, babu. Chombo chetu kinataka pahala pa kimya."

Mzee akacheka. "Hapo mmekosea njia. Pango hilo haliko kimya. Linapumua. Usiku linavuta, mchana linajizuia."

Akatupa masharti: viatu nje, vyetezo vya ubani visiguswe, Ijumaa hakuna kazi. Tukakubali yote. Maneno yake kuhusu kupumua niliyaandika kwenye ukurasa wa mila na desturi, baada ya masharti ya viatu. Vipimo vilikuwa na kurasa zake mbali.

Yaliyotokea pangoni

Tuliingia mwezi wa Juni, kusi likiwa limeanza kuvuma. Pango lina mdomo juu na sakafu yake inateremka, na pale tulipoweka meza tulikisia kuna mita 6 hadi 7 za jiwe juu yetu. Ukilinganisha uzito, hiyo ni sawa na maji ya mita 13 hivi. Gran Sasso ni sawa na maji ya mita 3,800 au karibu yake.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya furaha. Tulikuwa na vibamba viwili vya plastiki inayomulika, kimoja juu ya kingine, vinavyohesabu myuoni pale tu vinapomulika kwa pamoja, na vilionesha zimepungua karibu nusu. Kilele cha 1,461 kikaporomoka hadi kama sehemu moja ya tano ya kile cha maabara. Maalim akapiga picha ya skrini na kuwatumia watu. Hakuna aliyeangalia upande wa kulia wa picha ileile, ambako kilele kingine, cha 1,764, kilikuwa kimenenepa.

Wiki ya pili tulipambana na unyevu. Kristali ya iodidi ya sodiamu ikipata maji imekwisha, huwa kama chumvi iliyoachwa nje, na kopo letu lilikuwa na mkwaruzo tuliokuwa na wasiwasi nao. Mimi nikatoa wazo: tukiweke kigunduzi ndani ya pipa la plastiki lenye mfuniko, na ndani yake mifuko ya kitambaa yenye mchele uliokaangwa mkavu, unyonye unyevu. Kilo mbili. Unyevu ulipungua kweli, ila asubuhi kilele cha 1,461 kilikuwa kimepanda, na sampuli bado zilikuwa mjini. Mchele una potasiamu, kiasi cha gramu moja kwa kilo, na mimi nilikuwa nimeuzungushia kigunduzi cha potasiamu. Ndani ya chumba cha saruji usingeonekana kabisa. Pangoni ulionekana kwa usiku mmoja. Walinicheka mpaka mwisho wa mradi, lakini ndiyo siku niliyoelewa kwa nini wenye maabara za chini sana huupima kila msumari kabla hawajauingiza.

Potasiamu hasi

Wiki ya tatu tukaanza sampuli. Utaratibu ulikuwa wa kawaida: pima pango bila udongo, pima pango na udongo, toa. Kwa sababu ya betri na usafiri, kipimo kitupu tulikifanya kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi na mbili jioni, na udongo tukauacha upimwe usiku.

Sampuli ya kwanza ikatoa jibu dogo lakini la maana. Ya pili ikatoa potasiamu chini ya sifuri. Tukarudia: bado chini ya sifuri. Udongo wenye upungufu wa potasiamu tunaujua. Udongo unaodai potasiamu kwa jirani haujapata kuonekana.

Siku mbili zilipotea tukikagua nyaya. Aliyeokoa kazi ni Zuwena. Aliomba faili zote, na badala ya kujumlisha usiku mzima kama nilivyofanya mimi, akazikata saa kwa saa. Kilele cha 1,764 kilikuwa kinapanda na kushuka kama maji kujaa na kupwa. Alfajiri kilikuwa chini kabisa, alasiri kilifika karibu mara tatu yake. Mwanzo alidhani ni bahari hasa, kwa kuwa pango liko karibu na pwani, akachukua jedwali la maji. Halikukubali. Maji husogea kiasi cha dakika 50 kila siku, na mawimbi yake yalikuwa yamekaa palepale, saa zilezile.

Akanifuata na daftari langu mwenyewe, ukurasa wa mila na desturi, kidole kwenye mstari. "Usiku linavuta, mchana linajizuia."

Mwenye kilele cha 1,764 ni bismuthi-214, kitukuu wa redoni. Redoni ni gesi inayozaliwa na uraniamu, na uraniamu kidogo imo hata ndani ya jiwe la matumbawe. Gesi hiyo huvuja kwenye nyufa na kukusanyika pahala pasipo na upepo. Nusu-maisha yake, yaani muda wa nusu yake kupasuka, ni siku 3.8, muda wa kutosha kulijaza pango. Usiku wa kusi hewa ya nje hupoa kuliko ya pangoni, huwa nzito, huteremka mdomoni na kuisukuma nje hewa ya zamani. Jua likipanda, hewa ya nje huwa nyepesi, hubaki juu, na pango huziba kama chupa iliyotiwa kizibo. Redoni hujaa.

Bismuthi hiyo haitoi kilele kimoja tu. Ina vidogo karibu na 1,378, 1,408 na 1,509, na kristali yetu haina macho makali ya kuvitenga na 1,461. Zaidi ya hayo, miale ya 1,764 isiyoacha nishati yake yote ndani ya kristali humwagika chini ya kilele chetu. Kwa hiyo mchana tulipima kelele nyingi tukaiita ya kawaida, kisha tukaitoa kwenye usiku wa kelele ndogo.

Maamuzi

Tulikaa barazani kwa sheha tukiwa na njia tatu mezani.

Ya kwanza ilikuwa kupeleka feni na bomba la kuingiza hewa ya nje. Tuliikataa haraka. Ingetaka umeme wa saa 24, na zaidi ya hapo, pango ni la watu. Mzee asingependa mashine inayonguruma juu ya vyetezo, wala sisi tusingependa kumuomba.

Ya pili ilikuwa kubaki, ila kupima kitupu na udongo kwa kupokezana saa zilezile, usiku kwa usiku. Kihesabu ingefanya kazi. Maalim aliitaka, nadhani kwa sababu ya zile picha alizokwishatuma. Tulibishana muda mrefu. Kilichoishinda ni kwamba hakuna usiku wawili wanaofanana: wingu likikaa, upepo ukigeuka, pumzi inabadilika. Pia hatukuwa na kipimo cha redoni yenyewe. Shirika la Afya Duniani linapendekeza nyumba isizidi bekereli 100, yaani mipasuko 100 kwa sekunde, kwa mita ya ujazo inapowezekana, nasi tulikuwa tukiwakalisha wanafunzi saa nzima ndani ya kiasi tusichokijua.

Ya tatu ilikuwa kuondoka, lakini tuondoke na mguu wa pili wa hoja. Zuwena ndiye aliyeusema tena, safari hii kwa sauti: tunachokitaka ni jiwe la chokaa lenye madirisha. Mzee mmoja aliyekuwa akisikiliza akauliza, "Si nyumba hiyo?"

Nyumba za zamani za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake nene nusu mita na zaidi, dari ya boriti za mikoko, na hewa inapita siku nzima. Ndani ya chokaa na udongo uliochanganywa humo potasiamu ipo, ila ni kidogo ukilinganisha na matofali yetu.

Matokeo

Mwezi wa Septemba tulipewa chumba cha chini katika nyumba kama hiyo. Kilele cha 1,461 kilikuwa kirefu kuliko cha pangoni, lakini kilikaa palepale, mchana na usiku. Baada ya hapo tukajenga ngome ya maji. Sentimita 12 za maji huizuia nusu ya miale ya 1,461, kazi ambayo madini ya risasi huifanya kwa sentimita 1.2, ila risasi hatukuwa na fedha zake, na wazo la kuyeyusha betri za gari tulilikataa kwa sababu ya sumu. Safu mbili za madumu ya lita 20 pande zote ni kama nusu mita ya maji, inayobakisha takriban mwale mmoja katika 16. Ghorofani pangekuwa na hewa nzuri zaidi, lakini mwenye nyumba alitazama boriti zake, akatazama madumu, akatikisa kichwa.

Maji ya bomba yalikuwa ya mgao, kijana mmoja akapendekeza tujaze ya bahari, iko hatua mia. Bahati nzuri mtu wa mchele alikuwepo. Lita moja ya maji ya bahari ina potasiamu karibu miligramu 400, sawa na bekereli 12. Tukasubiri mgao.

Kipimo cha rejea tulikifanya kwa gramu 100 za mbolea ya kloridi ya potasiamu, ambayo uzito wake zaidi ya nusu ni potasiamu. Udongo wa maweni ukatoa kilele kidogo kilichorudi vilevile kila tuliporudia, na sampuli za udongo mwekundu wa bonde zikajitenga nao waziwazi. Sampuli mbili za maweni zilizotoka vijiji tofauti hatukuweza kuzitofautisha hata baada ya usiku wanne kwa kila moja, na wakulima tuliwaambia hivyohivyo.

Vuli ilipoanza tukagundua kisumbufu kingine: mvua kubwa huosha vizazi vya redoni kutoka angani na kuvimwaga uani na juu ya paa, na hesabu hupanda. Vizazi hivyo hufa upesi, nusu-maisha zao ni dakika 27 na 20. Daftari sasa lina safu ya mvua, na saa tatu zinazofuata hufutwa.

Uchambuzi

Kosa la mwanzo lilikuwa kuchagua pahala kabla ya kujua kelele ni ya nani. Maabara za kina hushuka kwa sababu zinatafuta matukio machache mno kwa mwaka, na zimekwishanyamazisha kila kitu kingine mpaka myuoni ndizo zilizobaki. Sisi tulianzia mwisho wa foleni. Na hata wao wakifika chini bado wanapigana na jiwe na hewa. SNOLAB huwaogesha watu na kuwavisha nguo safi kabla ya kuingia, kwani vumbi la mgodi lina uraniamu na thoriamu. Jaribio la CUORE kule Gran Sasso limezungushiwa risasi ya Warumi iliyotolewa kwenye jahazi lililozama karibu na Sardinia, kwa sababu risasi mpya ina risasi-210, aina yenye mnururisho na nusu-maisha ya miaka 22, na miaka elfu mbili imetosha kuimaliza. (Bandari ya Unguja nayo ina historia hiyo: manowari Pegasus ilizamishwa hapo mwaka 1914, na chuma cha kabla ya mabomu ya atomiki ya 1945 kimewahi kutafutwa sana kwa kazi hizi. Usimwambie Maalim.)

Kosa la pili lilikuwa kupenda kelele ndogo kuliko kelele tulivu. Pango lilikuwa na kilele kifupi kuliko nyumba, na bado nyumba ilishinda, kwa kuwa kinachokaa pamoja unaweza kukitoa. Hapa nadhani hata vitabu vya kufundishia vinateleza, maana husifu namba iliyopungua na kupita mbio juu ya kuyumba kwake.

Kosa la tatu ni la ukurasa. Mzee alitupa taarifa ya kipimo: saa, mwelekeo, mzunguko. Niliiweka chini ya mila kwa sababu ya neno alilolitumia.

Lililofaa pangoni ni joto. Maabara yetu hupata jua la alasiri na umeme unaoyumba, na vilele vyake hutembea. Pangoni havikusogea hata kidogo, na bila utulivu huo Zuwena asingeweza kuzilinganisha saa za siku kumi. Ruhusa nayo ilifanywa vizuri. Tulipoondoka tulirudi kwa mzee, tukamueleza tulichokiona, tukamuonesha mchoro.

Aliutazama kwa muda, akauliza mchoro huu ni wa mwezi gani. Tukamwambia ni wa kusi wote. "Basi mmeona nusu," akasema. "Kaskazi likianza halipumui. Linalala." Ukifikiri, inaelekea: joto la kaskazi nje halishuki chini ya la pango hata usiku, kwa hiyo hakuna hewa nzito ya kuteremka, na redoni ingejaa bila kupwa. Safari hii maneno yake yako kwenye ukurasa wa vipimo, na Zuwena ameomba ruhusa ya Januari, dakika kumi kila anapoingia.